Sikio, Gitaa na Karasha: Kwa Nini Wazee na Vijana wa Shinyanga na Geita Hawapendi Muziki Ule Ule

Katika arusi za Shinyanga, Kahama au Geita, ubishi mmoja hauna budi kuzuka kabla ya usiku kwisha. Mzee wa miaka sabini atasema kwamba gitaa lilizikwa pamoja na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Kijana aliyetoka machimboni Nyarugusu atajibu kwamba gitaa la wazee ni jembamba kama uzi, halina besi, halimwinui mtu kitini. Kwa kawaida ubishi huo huchukuliwa kuwa ni wa ladha, au hata wa adabu. Ukichunguzwa kwa elimu ya sauti, huonekana kuwa watu hao wawili, ingawa wamekaa meza moja, hawasikii kitu kimoja.

Gitaa lilipofika Usukumani lilikuta nyuzi nyingine zimetangulia: ndono, yaani upinde wenye kibuyu, na zeze. Lilikuta pia wasikilizaji wakali, maana watu waliozoea mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno hawakubali mchezaji kwa urahisi. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga iliiunganisha nchi hiyo na Tabora na Kigoma, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwako Kongo. Yafaa kukumbuka kuwa upigaji wa gitaa uliovuma kutoka huko ulilelewa katika miji ya migodi ya shaba ya Katanga. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alitumia kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Kwa hiyo gitaa na mchimbaji wa madini ni marafiki wa tangu zamani.

Lakini wengi wa wazee wa leo hawakulifahamu gitaa kwa kulitazama likipigwa. Walilifahamu kwa redio. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Waya mwembamba kuliko zote wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka takriban mara 330 kwa sekunde, na mnene kuliko zote mara 82. Pamoja na mtetemo huo wa msingi huwapo mitetemo midogo iliyo mara mbili, mara tatu, mara nne yake na kuendelea. Hiyo ndiyo inayolipa gitaa mng'ao wake na kulitofautisha na filimbi. Redio ya masafa ya kati au mafupi haikupitisha sana mitetemo inayozidi 5,000 kwa sekunde. Tena spika yake, ambayo haikuzidi upana wa kiganja, haikuweza kutoa sauti nzito za gitaa la besi, ambalo waya wake wa chini hutetemeka mara 41 tu. (Ubongo hukisia sauti nzito iliyokosekana kwa kusikia zile zilizo juu yake, lakini kukisia si kutikiswa kifua.) Kilichobaki ni katikati: sauti ya mwimbaji, gitaa la solo na gitaa la rithimu. Kizazi kizima kilijifunza kupenda katikati hiyo, na ndiyo maana mzee husifu maneno ya wimbo na mazungumzo ya magitaa, wala hataji besi.

Linaloingia sikioni ujanani hukaa. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa watu wa umri mbalimbali hupendelea zaidi nyimbo zilizovuma wao walipokuwa na miaka kama 24 hivi. Aliyekuwa na umri huo mwaka 1975 alikuwa akizisikia bendi za dansi za Tanzania wakati nyimbo zilipoanza polepole, kisa kikasimuliwa, kisha magitaa yakaachiwa uwanja. Aliyeufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta wanamuziki wa Kongo waliokaa Paris, kama Kanda Bongo Man, wamekwisha kuiondoa sehemu ile ya polepole ili sebene ianze mara moja. Na aliyeufikia baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 alikuta redio za binafsi za FM zipitishazo mitetemo hadi 15,000. Baadaye zikaja kadi za simu, na sabufa ambayo kazi yake ni zile sauti nzito ambazo babu yake hakuwahi kuletewa. Siku hizi hata nyimbo za Kisukuma zenye gitaa la umeme hutengenezwa kwa kutazamia sabufa.

Hayo ni mazoea. Sababu ya pili imo ndani ya sikio lenyewe. Katika sikio la ndani mna mfereji uliojipinda kama koa la konokono, na ndani yake seli zenye vinyweleo vidogo mno. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea nzito. Zile za mlangoni ndizo huchakaa kwanza, na zikifa hazioti tena. Mtu wa miaka sitini na zaidi kwa kawaida hasikii vema mitetemo inayozidi 8,000, na pungufu hilo huendelea kushuka. Kwa bahati, muziki aliozoea haukuwa na sauti hizo, hivyo haoni alichopoteza. Akiwekewa wimbo wa leo, ngoma na besi hufunika herufi kama s, f na sh, ambazo nguvu zake zimo katika sauti nyembamba, naye huapa kwamba vijana hawaimbi maneno. Maneno yapo, hayamfikii.

Hadi hapa hakuna wa kuhurumiwa. Shida iko kwa kijana. Tangu mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, hadi mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000, mwamba haujapasuliwa kimya. Katika migodi mikubwa wafanyakazi hupewa vikinga-masikio. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo na kwenye makarasha ya kusagia mawe, mara nyingi hakuna. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na 100 ni robo saa tu. Mashine ya kutoboa mwamba hupita 100. Makelele ya namna hiyo huanza kuharibu sikio kwenye mitetemo kama 4,000, mahali panapokaa ncha ya sauti ya solo, yaani ule mdonoo wa kidole au kipiki juu ya waya. Kijana wa miaka 27 aliyekaa karashani miaka mitano huweza kuwa na sikio la babu yake. Asikiapo solo imefifia huongeza sauti, kisha huongeza besi, maana besi ndiyo bado anaisikia timamu. Si kila apendaye besi ana sikio bovu, la hasha. Lakini mchimbaji ambaye masikio humvuma usiku baada ya kazi, na ambaye kila mwaka hutaka redio iwe juu zaidi, asidhani kuwa ladha yake imebadilika.

Pamba kavu hupunguza desibeli chache tu. Kizibo cha sponji kilichoingizwa vizuri hupunguza zaidi ya 15. Umbali nao ni dawa: mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu makelele hushuka kwa desibeli 6, hivyo mama lishe anayehamisha jiko lake kutoka mita 5 hadi mita 20 amepunguza 12 bila gharama yoyote.

Liko bado jambo moja ambalo wapiga gitaa wa rika zote hulifanya kwa namna ile ile, nalo ni kulitia gitaa sauti. Waya wa tano hubanwa kwenye kizuizi cha tano, ukalinganishwa na wa nne ulio wazi. Mmoja ukitetemeka mara 147 na mwingine mara 149, sikio husikia sauti ikivimba na kufifia mara mbili kila sekunde. Nyuzi zikilingana, mawimbi hayo hutoweka. Sauti hizo ni za chini, katika sehemu ya sikio ambayo uzee na karasha huichelewa. Ndiyo maana mzee asiyesikia tena kengele ya baiskeli aweza kupewa gitaa la mjukuu wake, akainamisha kichwa kwenye mbao, akazungusha funguo mbili, akalirudisha likiwa sawasawa.