Ndoana Ndogo Yatosha: Vifaa vya Kuanzia Kuvua Tilapia

Mkazi wa Kambi Muru anayetaka kujifunza kuvua samaki kwa ndoana hana haja ya vifaa vya bei ghali. Tilapia, ambaye wengi humwita ngege, ana mdomo mdogo na hudonoa chambo kwa tahadhari. Vifaa vyepesi ndivyo vinavyomfaa.

1. Ufito. Mwanzi mkavu na mnyoofu wa mita 3 unatosha. Ukunje kidogo: ukilia au ukionyesha ufa, tafuta mwingine.

2. Mshipi. Chagua mshipi mwembamba unaohimili kilo 3 hivi. Kwenye kibandiko, uzito huo huweza kuandikwa pauni 6. Mshipi mnene samaki huuona upesi. Ufunge kwenye ncha ya ufito, na urefu wake usizidi sana ule wa ufito.

3. Ndoana. Namba huwachanganya wengi, kwani namba inapopanda, ndoana hupungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Kwa tilapia, anza na namba 8 au 10.

4. Kielea na chubwi. Kipande cha kizibo au cha sponji ngumu hufaa kuwa kielea. Chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha chambo, kiwe cha kutosha kukisimamisha kielea tu. Kikizidi, samaki atahisi uzito na kuachia.

5. Chambo. Nyungunyungu au kidonge kidogo cha ugali uliokandwa vizuri.

Kabla ya kuondoka nyumbani, jaza ndoo maji na ujaribu vifaa humo. Kielea kinapaswa kusimama wima, ncha yake ikionekana juu ya maji. Kikilala, ongeza chubwi. Kikizama, punguza.

Ufito ukiwa tayari, swali kubwa zaidi ni wapi utavua.

Bwawa la Nairobi liko karibu, lakini samaki wake wasiliwe. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji ya matumizi ya jiji. Leo limevamiwa na magugu maji, na Mto Motoine unaolilisha hubeba majitaka na takataka. Kupika samaki vizuri huua vijidudu, lakini hakuondoi madini yenye sumu kama risasi. Aidha, magugu huficha kina cha maji, na mtoto anaweza kuyadhania kuwa nchi kavu.

Ni salama zaidi kuanzia kwenye kidimbwi cha mfugaji wa samaki, kwa idhini yake na baada ya kukubaliana bei. Anayekwenda ziwani au mtoni aulizie leseni kwanza katika ofisi ya uvuvi ya kaunti anayoitembelea. Akienda Ziwa Naivasha, afuate maelekezo ya wenyeji kuhusu viboko.

Watoto wavue wakiwa na mtu mzima anayejua kuogelea. Vipande vya mshipi na ndoana zilizovunjika visiachwe ukingoni, kwani huwanasa ndege na kuwachoma watoto miguu. Virudishwe nyumbani ndani ya kopo lenye kifuniko.

Ufito, mshipi, ndoana, kielea, chubwi na kopo: hivyo vinatosha kuanza. Maji safi ndiyo yatakayoamua kama samaki huyo ataingia sufuriani.