Shule ya Meno ya Muhimbili na Mgonjwa wa Igawa

Igawa ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mkulima wa mpunga wa hapo aumwapo jino, Dar es Salaam iko mbali naye kwa zaidi ya kilomita 600. Hata hivyo, yaliyoanzishwa katika shule ya meno ya Muhimbili yanamhusu moja kwa moja.

Historia

Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Madaktari wa meno, kwa upande wao, waliendelea kusomea nchi za nje hadi mwaka 1979, mafunzo yao yalipoanzishwa ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 Muhimbili ilifanywa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Shule ya meno imekua pamoja na chuo hicho.

Mafunzo na vifaa

Shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Mwanafunzi hujizoeza kwanza maabarani kwa meno bandia, ndipo ahudumie wagonjwa chini ya usimamizi wa mwalimu. Hufundishwa upasuaji wa kinywa na taya, kuziba na kutibu mizizi ya meno, utengenezaji wa meno bandia, upangaji wa meno, tiba ya meno ya watoto na afya ya kinywa katika jamii.

Tiba hizo nyingi huhitaji kiti maalumu, mashine ya kuchimbia jino, eksirei, umeme na maji ya uhakika. Vitu hivyo ni adimu katika zahanati za vijijini, na ndiyo maana kwa muda mrefu tiba kuu ya jino bovu huko imekuwa ni kung'oa.

Kuziba jino bila mashine

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walijaribu njia nyingine. Sehemu ya jino iliyooza na kulainika hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi ionoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo, na leo inatumika katika nchi nyingi.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa tundu likiwa bado halijafika kwenye kiini cha jino. Jino linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha, limekwisha kuvuka mpaka huo. Litahitaji tiba ya mzizi au kung'olewa. Kwa hiyo mgonjwa anayesubiri maumivu hupoteza nafasi ya kuliokoa jino lake kwa tiba nyepesi.

Kwa mhudumu wa afya

Mhudumu atazame kinywa cha kila mgonjwa anayelalamika jino, asiishie kumpa dawa ya maumivu. Mwenye tundu dogo apelekwe kwa tabibu wa kinywa na meno mapema. Mbeya ina chuo kinachofundisha matabibu wa kada hiyo.

Dalili zifuatazo ni za hatari, na mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo: uvimbe chini ya ulimi au shingoni, kushindwa kufungua kinywa, kumeza kwa shida, homa kali, au kupumua kwa taabu. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuziba njia ya hewa na kuua. Kutoka Igawa, mgonjwa huyo apelekwe hospitali ya wilaya iliyoko Rujewa, na ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya.

Uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu nao usipuuzwe, kwani huenda ukahitaji upasuaji mkubwa wa kibingwa.

Kwa mgonjwa

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, punguza vitu vya sukari, na uonapo doa jeusi au tundu, nenda ukatazamwe kabla jino halijauma.