Mlango wa Darasa, Mlango wa Bunge: Wanawake wa Afghanistan

Katika makala haya nimedhamiria kueleza safari ya wanawake wa Afghanistan katika siasa. Pengine utauliza, "Ya Afghanistan yatuhusu nini sisi?" Subiri kidogo. Yanamhusu kila anayebeba vitabu asubuhi. Hoja yangu ni moja tu: katika nchi ile, mlango wa Bunge hufunguka na kufungwa pamoja na mlango wa darasa.

Hatua za kwanza

Wako wanaodhani kwamba haki za wanawake zilifika kule na majeshi ya kigeni mwaka 2001. Sivyo hata kidogo! Shule ya wasichana ilifunguliwa Kabul mwaka 1921, enzi za Mfalme Amanullah na mkewe, Malkia Soraya. Mfalme huyo alipoangushwa mwaka 1929, shule za wasichana nazo zikafungwa. Baadaye zilifunguliwa tena, na matunda yakaonekana. Katiba ya 1964 iliwapa wanawake nafasi ya kupiga kura na kugombea, na mwaka 1965 wanawake wanne wakachaguliwa kuingia Bungeni. Mmoja wao, Anahita Ratebzad, alikuwa daktari. Mwaka huohuo Kubra Noorzai akawa Waziri wa Afya.

Sindano na vitabu

Kisha vikaja vita vya miaka mingi. Mwaka 1996 kundi la Taliban liliteka Kabul, likawakataza wasichana kusoma na wanawake wengi kufanya kazi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini wapi! Katika mji wa Herat, wanawake walikuwa wakienda "kushona" katika nyumba ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Vikapuni walibeba nguo na nyuzi. Chini yake, madaftari. Kumbe walikuwa wanasoma fasihi! Watoto walicheza nje huku wakiangalia kama askari wanakuja. Sisi wanachama wa Kiswahili hukutana mchana kweupe, na bado wengine huchelewa.

Bunge la 2005

Taliban walipoondolewa mwaka 2001, mlango ulifunguka tena. Katiba ya 2004 ilitenga viti 68 kati ya 249 kwa wanawake. Hesabu yenyewe ni rahisi: mikoa 34 mara 2. Mwaka 2004 Massouda Jalal aligombea urais, mwanamke pekee kati ya wanaume. Mwaka 2005 Habiba Sarabi akawa gavana wa kwanza mwanamke, katika mkoa wa Bamyan. Fawzia Koofi, mbunge wa zamani, alipigwa risasi mkononi Agosti 2020. Mwezi uliofuata alikwenda Doha na jeraha lake, akaketi mezani na Taliban kuzungumzia amani.

Mlango ukafungwa

Mnamo Agosti 2021 Taliban walirudi Kabul. Wizara ya Masuala ya Wanawake ikavunjwa. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa sekondari walivaa sare, wakaenda shuleni, na baada ya saa chache tu wakaambiwa warudi nyumbani. Hebu jiweke pale! Darasa la sita likawa ndio mwisho wao. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungiwa wanawake. Sheria ya Agosti 2024 ikasema hata sauti ya mwanamke isisikike hadharani. Wanawake walijibuje? Walijirekodi wakiimba, wakaueneza wimbo duniani.

Funzo

Jamani, haki inayotolewa kwa amri ya mtawala mmoja huondolewa kwa amri ya mwingine. Ndiyo maana haitoshi kuhesabu viti vya Bunge. Msichana anayezuiwa kuingia kidato cha kwanza leo ndiye daktari, gavana na mbunge atakayekosekana kesho. Lakini aliyekwisha kujua kusoma hawezi kuamriwa asijue. Wale wa Herat walilijua hilo, ndipo wakabeba vikapu vyao.

Maswali ya kujadili chamani

1. Je, viti maalum vinatosha kumpa mwanamke sauti katika siasa?
2. Kwa nini mtawala aogope msichana mwenye daftari?