Kabla ya Sindano, Uliza: Kijitabu cha Chanjo kwa Wazazi wa Malili

Siku ya kliniki foleni huwa ndefu na sista ana haraka. Hata hivyo, una haki ya kuelezwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze faida na hatari za huduma unayopewa, kadiri inavyowezekana kwa lugha unayoielewa. Ukitaka Kikamba, sema.

Surua haingoji

Malili ni mji wa barabarani. Wasafiri wa Nairobi na Mombasa hupita hapa usiku na mchana. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na kadi imewekwa kabatini. Lakini kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, karibu 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo moja.

Mwili ukijibu

BCG, chanjo ya kifua kikuu, huacha kidonda kidogo mkononi baada ya wiki chache. Usikipake kitu, kitapona na kuacha kovu. Pentavalenti ya wiki 6, 10 na 14 huweza kuleta homa na uvimbe pajani kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe zaidi, mpunguzie nguo, na umuulize sista kipimo cha parasetamoli. Aspirini usimpe kamwe.

Homa ya chanjo ya surua huchelewa, huja kati ya siku ya 5 na ya 12, pengine na vipele. Mwambie mapema susu (nyanya) anayebaki na mtoto. Takriban mtoto 1 kati ya 3,000 hupata degedege la homa hiyo. Linatisha, ila kwa kawaida halimwachii madhara. Mkimbize kituoni hata hivyo. Surua yenyewe huvimbisha ubongo wa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua. Homa ikizidi siku mbili, rudi akapimwe, usiisingizie chanjo tu.

Mzio mkali hutokea takriban mara 1 katika dozi milioni 1: uso huvimba, mtoto hupumua kwa shida au hulegea. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, na dawa yake inapaswa kuwapo kituoni. Basi kaa nusu saa. Matatu nyingine itakuja.

Mafua madogo hayazuii chanjo. Lakini sema ikiwa dozi iliyopita ilimdhuru mtoto, au kinga yake ya mwili ni dhaifu.

Uvumi wa 2014

Mwaka huo maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Wengi waliuliza: mbona wanawake wa miaka 14 hadi 49 pekee? Swali lilikuwa la haki, na jibu lilikuwapo: kinga ya mama humfikia mtoto tumboni, ikamlinda kitovu kinapokatwa. Jibu kama hilo lilifaa kutangulia sindano.

Ukiona dalili usiyoielewa, rudi na kadi, utaje tarehe ya chanjo, na umwombe sista ajaze fomu ya madhara ya Bodi ya Famasia na Sumu.