Somo la Motokaa: Pikapu Ibebayo Nyumba Mgongoni, na Springi Zake

Zamani za misafara, mkuu wa msafara hakumwuliza mpagazi tu kwamba aweza kubeba frasila ngapi. Alitazama pia jinsi mzigo ulivyofungwa, na jinsi ulivyokaa kichwani au begani. Mzigo wa frasila mbili uliofungwa vizuri ulifika mwisho wa safari. Mzigo mdogo kuliko huo, uliofungwa ovyo, ulimtupa mtu mtoni. Basi habari tutakayoeleza leo ni ile ile, ila mpagazi wetu ni wa chuma.

Katika nchi ya Marekani, na kadhalika Canada, Australia na Afrika ya Kusini, wako watu wengi wapendao kusafiri pamoja na makao yao. Huchukua pikapu, wakapakia juu ya bodi yake nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani, yenye kitanda, jiko, kabati na tangi la maji. Kitanda hutokeza mbele, juu ya paa la dereva. Wafikapo mahali wanapotaka kukaa, nyingine huweza kusimamishwa juu ya jeki zake nne, na gari likatoka chini yake kama punda aliyefunguliwa mzigo. Wageni wengine huja na magari ya namna hii katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ili kutazama wanyama, nasi huyaona yakipita wilayani.

Twaeleza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni elimu nzuri ya uzito na nguvu, nayo yawafaa walimu darasani. Pili, pikapu ibebayo nyumba na pikapu ibebayo magunia ya mahindi zote hufuata sheria moja, wala sheria hiyo haijali rangi ya gari wala cheo cha mwenyewe.

Sisi wenyewe tulipata kuona jambo lililotufundisha. Gari moja la wageni, lenye nyumba nzito mgongoni, lilikuwa likishuka mlima katika barabara ya vumbi. Tairi moja la nyuma likapasuka, nyumba ikainama, na gari lote likalala mtaroni. Watu wa kijiji walikimbia kusaidia, nasi tukawa miongoni mwao. Mama mmoja alivunjika mkono. Kwa bahati njema hakufa mtu. Mwenye gari alikuwa amekaa kando ya njia, akirudia maneno haya: "Lakini nilitia springi mpya!" Na kweli, springi zake zilikuwa mpya na nene. Ila tairi zilikuwa zile zile za zamani, tena si za kubebea mzigo mkubwa kama ule. Alikuwa ametengeneza jambo moja, akadhani ametengeneza yote.

1. Pima kwanza

Mwanzo wa kazi hii si karakana, bali ni mizani. Kila gari lina uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa na watengenezaji wake, yaani uzito wa gari lenyewe pamoja na watu, mafuta na mizigo. Katika magari ya Marekani hesabu hiyo huandikwa katika kibao kilichobandikwa penye mlango wa dereva, na humo huonyeshwa pia kiasi cha kila ekseli, ya mbele na ya nyuma. Tena sheria ya huko humtaka mwenye kuunda nyumba hizi abandike juu yake uzito wake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari limeidhinishwa kilo 4,500. Likiwa na dereva na mafuta, bila mzigo, ni kilo 3,100. Basi kilo 1,400 zimebaki. Nyumba imeandikwa kilo 1,100, na mwenyewe afurahi akisema, "Nina nafasi ya kilo 300." Lakini angoje kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 150 ni kilo 150. Betri na mitungi ya gesi, kilo 60. Vyakula, nguo, vyombo na viti, kilo 150. Mke wake, kilo 70. Jumla ni kilo 1,530. Amekwisha kuzidisha kilo 130, naye hajapakia hata baiskeli moja.

Kwa hiyo mwenye busara hupakia kila kitu kama asafiriye kweli, hujaza tangi, huketisha abiria, ndipo aendapo mizanini. Tena hupima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ikiwa uzito umezidi, dawa ya kwanza haina gharama: apunguze. Maji mengi yaweza kutekwa karibu na mahali pa kulala.

2. Mahali ulipokaa mzigo

Uzito mmoja waweza kuwa mwema au mbaya kwa mahali pake. Tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni meta 3.6, na nyumba yenye mizigo ni kilo 1,200. Ikiwa kitovu cha uzito wake kimekaa sentimeta 30 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupokea kilo 100, na ya nyuma kilo 1,100. Sasa isukume nyumba hiyo nyuma, hata kitovu kiwe sentimeta 30 nyuma ya ekseli. Ya nyuma itabeba kilo 1,300, yaani zaidi ya nyumba yote, na ya mbele itapunguziwa kilo 100. Ni kama watoto wachezao juu ya ubao uliolazwa juu ya gogo: huyu akishuka, yule huinuka.

Magurudumu ya mbele ndiyo yaongozayo gari, nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipunguziwa uzito, usukani huwa mwepesi kwa namna isiyofaa, na taa hutazama angani zikiwapofusha wajao. Wengi wakiona hivyo hunena, "Springi za nyuma zimechoka." Pengine hazikuchoka, mzigo ndio uliokaa vibaya. Vitu vizito, kama maji na betri, viwekwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma.

3. Tairi

Tairi ndizo zigusazo nchi, na kwa hiyo zitazamwe kabla ya springi. Ubavuni mwa tairi mna hesabu inayoonyesha uzito liwezao kubeba. Mathalan, alama 100 maana yake ni kilo 800 kwa tairi moja. Alama 121 ni kilo 1,450. Basi mwenye magurudumu mawili ya nyuma na azidishe mara mbili, kisha alinganishe na hesabu aliyoipata mizanini. Uzito huo hupatikana tu ikiwa tairi lina upepo uliopasa. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika sana, hupata moto ndani, na moto huo ndio ulipasuao. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

4. Springi

Mwaka 1678 mtaalamu Mwingereza, Robert Hooke, alieleza kwa maandishi kanuni ya springi: kadiri uzito unavyozidi, ndivyo springi inavyozidi kunyooka au kubonyea kwa kiasi kile kile. Ikiwa kilo 500 huishusha sentimeta 5, kilo 1,000 zitaishusha sentimeta 10. Springi iliyokwisha kushuka mpaka mwisho haina tena nafasi ya kufanya kazi. Gari likipita shimo, chuma hugonga chuma.

Nyuma ya pikapu nyingi mna springi za bapa, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja kwa yubolti. Ziko njia tatu za kuzisaidia.

Ya kwanza ni kuongeza bapa. Njia hii ni imara, haihitaji kutazamwa kila siku. Ila fundi asitie bapa lolote alionalo limelala karakanani. Ugumu wa bapa hukua upesi kuliko unene wake: unene ukizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nane. Bapa la lori likitiwa katika pikapu, gari tupu litarukaruka kama mbuzi, na siku hata siku litapasua mahali lilipofungiwa. Pikapu nyingi nzito za Marekani hutoka kiwandani na bapa la akiba, lisiloguswa mpaka mzigo uwe mkubwa. Wako waongezao kipande cha mpira mgumu katika nafasi iliyoachwa, ili bapa hilo lianze kazi mapema. Kwa nyumba ikaayo mgongoni daima, jambo hili hufaa sana.

Ya pili ni vipande vya mpira mnene vikaavyo kati ya ekseli na chesisi, vikibonyea pole pole uzito unapokuja. Havina bomba wala pampu.

Ya tatu ni mifuko ya hewa. Ni mipira iliyojazwa upepo, nayo husifiwa kwa kuwa mwenyewe aweza kuongeza au kupunguza kama mzigo utakavyo. Kila mfuko na uwe na bomba lake. Mifuko miwili ikiunganishwa kwa bomba moja, gari likipinda kona hewa hukimbia kutoka upande ulioelemewa hata upande mwepesi, na nyumba huzidi kulala. Tena mfuko husukuma chesisi mahali pamoja tu, ambapo springi ya bapa hugawa uzito mahali pawili. Huko Australia chesisi za pikapu zimepata kupinda nyuma kwa mzigo uliozidi, mifuko ikiwa imejazwa, na mwenyewe hana habari kwa kuwa gari lilionekana limesimama sawa. Gari kusimama sawa si ushuhuda kwamba halikuzidishiwa.

5. Kuyumba na kurukaruka

Nyumba ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo uzito wake uko juu. Upepo wa ubavuni na kona huiyumbisha. Dawa yake hasa ni stabilaiza, fimbo nene ya chuma ivukayo kutoka upande mmoja wa gari hata wa pili. Upande mmoja ukishuka, fimbo hujisokota na kuuvuta urudi. Haisaidii kubeba uzito gari linaponyooka. Kazi yake ni kuzuia kulala. Watu wengi wametoa fedha kwa ajili ya springi, kumbe walichohitaji ni fimbo hii.

Kurukaruka ni jambo jingine. Springi ikibonyezwa hupanda na kushuka mara nyingi, na kazi ya kuituliza ni ya shokomzoba. Shokomzoba za kawaida hazibebi mzigo, wala asikudanganye mtu. Lakini springi ikiongezwa ugumu, shokomzoba dhaifu haziwezi kuitawala tena. Kwa hiyo hubadilishwa pamoja.

6. Yasiyobadilika

Hapa ndipo lilipo neno kubwa la somo hili. Springi mpya hazibadili hesabu iliyoandikwa mlangoni. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, chesisi, rimu na breki ni zile zile. Daraja la magogo matano, moja likioza, halitengenezeki kwa kubadili manne yaliyo mazima. Na gari lililonyanyuliwa na springi nzuri humdanganya dereva wake; huona raha, akaongeza mwendo. Lakini nguvu ambayo breki zapasa kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo: toka kilometa 80 kwa saa hata 100, huzidi kwa zaidi ya nusu. Penye mteremko na ashuke kwa gia ndogo, wala asiegemee breki mpaka zitoe moshi.

Baada ya kazi ya springi, yubolti zikazwe tena gari likiisha kwenda kilometa mia chache, maana vyuma vipya hujikalisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twarudi kwa yule bwana wa mtaroni. Kama angalipima, angaliona kwamba ekseli ya nyuma imezidi na tairi zake hazitoshi. Gharama ya kupima ingalikuwa ndogo, na mkono wa mkewe ungalikuwa mzima. Wakuu na wazee wa vijiji, mwonapo pikapu imepakiwa magunia mpaka magurudumu yamefichwa, na watu wamepandishwa juu ya magunia, msimwulize dereva tu kwamba springi zake ni nzima. Mwulizeni uzito, mwulizeni tairi, mwulizeni breki. Asipojua, abiria na washuke.

Walimu na wawape wanafunzi hesabu hizi:

(a) Ekseli mbili zimeachana meta 3. Mzigo wa kilo 900 umewekwa sentimeta 50 mbele ya ekseli ya nyuma. Kila ekseli hupokea kilo ngapi?

(b) Mzigo huo ukiwekwa sentimeta 50 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupunguziwa kilo ngapi?

(c) Tairi mbili za nyuma zina alama 100. Mizani yaonyesha ekseli ya nyuma ina kilo 1,750. Je, gari hili liende safari?

Majibu: (a) Mbele kilo 150, nyuma kilo 750. (b) Kilo 150. (c) La. Tairi mbili hubeba kilo 1,600 tu. Zimezidishiwa kilo 150.