Kikuza Mawimbi na Somo la Isnadi



Kwetu Butare, ile ya Rusizi wala si ya Huye, milima huziba njia ya mawimbi ya FM. Stesheni ya mbali hufika imedhoofika, na redio ya kujiundia huitoa kwa mikwaruzo. Kinachosaidia ni kikuza mawimbi kidogo, kinachokaa kati ya antena na redio. Nilikiunda wakati wa likizo, na ndani yake nimeona somo linalotuhusu sisi tunaosoma elimu ya Hadithi.

Tafuta transista ya J310, rizista ya omu 220, koili ya maikrohenri 1, kapasita mbili za pikofaradi 1000, moja ya nanofaradi 10, moja ya kurekebishwa ya pikofaradi 5 hadi 30, waya mtupu wa shaba wa milimita 1, na betri ya volti 9. Transista hiyo ina miguu mitatu: geti, sosi na dreni.

Kwanza, unga geti na upande hasi wa betri, mguu uwe mfupi. Huo ndio ardhi ya saketi.

Pili, leta antena kwenye sosi kupitia kapasita ya pikofaradi 1000. Kutoka sosi hiyo hiyo, pitisha koili ya maikrohenri 1, kisha rizista, hadi ardhini.

Tatu, zungusha waya wa shaba mara 6 juu ya kitu chenye kipenyo cha milimita 6, uuvute ufikie urefu wa milimita 12. Ncha moja iende dreni, nyingine iende chanya. Hapo kwenye chanya, weka kapasita ya nanofaradi 10 kwenda ardhini. Ile ya kurekebishwa ikae kati ya dreni na ardhi.

Nne, toa mawimbi kwenye mzunguko wa pili kutoka upande wa chanya, kupitia kapasita iliyobaki, hadi kwenye redio. Geuza kapasita ya kurekebishwa polepole mpaka stesheni isikike vizuri.

Kifunge karibu na antena, si karibu na redio. Mwaka 1944 mhandisi Harald Friis alionyesha kwa hesabu kwamba kelele ya hatua ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa kila hatua inayofuata huikuza pamoja na sauti. Hatua safi za baadaye haziwezi kuiondoa.

Isnadi nayo iko hivyo. Wapokezi kumi waaminifu wakipokea wote kutoka kwa mtu mmoja dhaifu, wingi wao hauondoi udhaifu wake. Habari imekuzwa tu, haijasafishwa.

Ndiyo maana Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Sisi Wanyarwanda tunajua gharama ya kuacha amri hiyo: mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuza uongo na chuki wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Leo kila mmoja wetu ana kikuza mawimbi mfukoni, nayo ni simu. Kabla ya kusambaza ujumbe, uliza kwanza: nani aliusema mwanzo?

Allah atujaalie kuwa wapokezi waaminifu. Aamin.