Akili Inapotangatanga: Kutafuta Kitabu, Katuni na Filamu za Kukurudisha Kwenye Usomaji

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza sababu zinazofanya akili ihame wakati unasoma riwaya au tamthiliya;
(b) kutafuta na kuchagua kitabu, katuni au filamu ya kukurudisha kwenye usomaji;
(c) kutumia mazoea hayo kujibu maswali ya fasihi katika mtihani wa Taifa.

1. UTANGULIZI

Mwaka mmoja nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa Kiswahili. Mtahiniwa mmoja aliandika kwamba Sekai alimtorosha Takadini kwa sababu mumewe, Lomolomo, alikuwa mlevi. Kama umevisoma vitabu hivyo, umeshacheka. Sekai yumo katika riwaya ya Takadini ya Ben Hanson. Lomolomo yumo katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Mtahiniwa amewaoza watu wa vitabu viwili tofauti!

Nilimwita. Hakuwa mvivu. Aliniambia, "Mwalimu, nasoma ukurasa mzima, nikifika chini sijui nilichosoma. Mimi nadhani sina akili ya vitabu."

Nikamuuliza jana usiku aliangalia nini. Akanisimulia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, tangu sehemu ya kwanza: nani mtoto wa nani, nani kamficha nani siri, na kwa nini. Hakuchanganya jina hata moja.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, "akili hiyo iliyoshika majina yote hayo ni ya nani?"

Nawe jiulize swali hilo. Mtahiniwa anayejiona hana akili ya vitabu huishia kukariri muhtasari wa rafiki yake, na muhtasari ndio unaoozesha watu wasiojuana. Tatizo lako huenda si uwezo. Huenda bado hujakutana na kitabu cha kukufundisha kukaa.

2. KWA NINI AKILI HUTANGATANGA?

(i) Kusoma bila swali. Anayeangalia tamthilia ana swali kichwani: je, siri itajulikana? Anayefungua kitabu teule mara nyingi ana hofu tu ya mtihani. Hofu haimfanyi mtu atake kufunua ukurasa wa pili.

(ii) Simu kuwa karibu. Mshika mawili moja humponyoka. Kila ujumbe unaoingia unakutoa kwenye sura, na kurudi kunataka kuanza upya aya nzima.

(iii) Kusoma saa ya uchovu. Wengi hufungua riwaya saa nne usiku, baada ya skuli, tuisheni na kazi za nyumbani. Hapo hata hadithi tamu hugeuka kuwa usingizi.

(iv) Kuanza na kitabu kizito. Msomaji asiye na mazoea hapaswi kuanza na kitabu kigumu kuliko vyote alivyonavyo. Anayejifunza kuogelea haanzi mkondo mkuu.

Zingatia: Akili kuhama si kosa. Hata msomaji mzuri huhama. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tofauti ni kwamba msomaji mzuri ana njia ya kurudi.

3. MFANO WA KITABU KINACHOSHIKA: BWANA MSA

Mwanafunzi yule sikumrudisha kwenye Takadini siku ile. Nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla.

Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mwandishi wa habari, na kuanzia mwaka 1958 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyingine.

Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko na fikra, anayetatua mambo yaliyowashinda wengine. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes wa Uingereza, lakini Bwana Msa anazungumza Kiswahili cha Unguja na anatembea katika mazingira unayoyajua.

Kwa nini kitabu hiki hushika? Mwanzoni tu kuna mauaji, na mtu aliyeuawa anakutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa. Swali linazaliwa papo hapo: nani kaua? Kila sura inajibu kidogo na kuuliza zaidi. Mbinu hiyo inaitwa taharuki, na ni mojawapo ya vipengele vya fani unavyotakiwa kuvijua.

Mwanafunzi alikimaliza kwa siku tisa. Jambo kubwa alilolipata ni kuzoea kusoma akiwa na swali. Alipoirudia Takadini, aliuliza mwenyewe tangu mwanzo: huyu mama atamwokoa mtoto wake au hatamwokoa?

4. DARAJA TATU ZA KUKUVUSHA

Anza na unachokipenda tayari, kisha vuka.

(a) Kutoka kwenye tamthilia na filamu kwenda kwenye riwaya

Kama unapenda filamu, tafuta Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 na kuoneshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto nchini Kanada mwaka huohuo. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya jina hilohilo iliyotoka mwaka 1999. Ni kisa cha Yasmini, msichana aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee kuliko yeye kwa mbali, na cha Denge, kijana anayepigania uhuru katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Angalia filamu, kisha soma sura tatu za mwanzo za riwaya. Andika mambo matatu yaliyomo kwenye riwaya lakini hayamo kwenye filamu. Utaona kwamba kitabu kinakupa mawazo ya mhusika, jambo ambalo kamera haiwezi kulionesha lote.

(b) Kutoka kwenye katuni kwenda kwenye uhakiki

Usidharau katuni. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, aliwachekesha watu huku akiwasema. Baadaye gazeti la Sani likawa na wasomaji wengi wa hadithi za picha. Nchini Kenya kuna Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010, yenye visa vya vijana wa mtaani. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, ni Mtanzania aliyejijengea jina Nairobi kwa katuni za siasa.

Chukua katuni moja ya gazetini leo. Jiulize: anachekwa nani? Kwa kosa gani? Mchoraji ametia chumvi wapi? Hapo umeshajifunza kejeli na dhamira. Maswali hayohayo yapeleke kwenye mashairi ya Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib, naye pia mtu wa Zanzibar.

(c) Kutoka kwenye habari za kweli kwenda kwenye riwaya

Wako wanafunzi wasiopenda hadithi za kubuni. Wanataka mambo yaliyotokea. Hao waanze na Kuli ya Adam Shafi (1979). Riwaya hii inamfuata Rashidi, mchukuzi wa bandarini, na inasimama juu ya tukio la kweli: mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Soma kitabu, kisha nenda ukasimame Malindi uitazame bandari. Au tafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Inaanza na kijana Yusuf anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Swali linazaliwa hapohapo: atarudi kwao?

5. PA KUVIPATA UNGUJA

(i) Maktaba Kuu iliyoko Maisara. Nenda na daftari. Mwombe mkutubi akuoneshe rafu ya riwaya za Kiswahili. Usiseme tu "nataka kitabu". Sema, "Nataka kitabu chenye upelelezi," au "chenye kisa cha familia." Ukijua unachokitaka, mkutubi hujua pa kukupeleka.

(ii) Kabati la vitabu la skuli yako. Mara nyingi limefungwa kwa sababu hakuna aliyeomba lifunguliwe. Mwombe mwalimu wa somo kwa adabu.

(iii) Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Lilianzishwa mwaka 1997 na limekuwa likionesha filamu Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Likifika, chagua filamu moja ya Kiswahili, nayo uiandikie aya moja ya uhakiki.

(iv) Wakubwa wa nyumbani. Muulize babu, bibi, shangazi au mjomba, "Ulipokuwa skuli, kitabu gani kilikukosesha usingizi?" Utashangaa ni wangapi watakutajia Bwana Msa.

(v) Mchezo wa vitabu. Unajua mama zetu wanavyocheza mchezo wa pesa: kila mmoja anatoa, na zamu inazunguka. Fanyeni hivyohivyo. Wanafunzi watano, kila mmoja atafute kitabu kimoja. Kila baada ya wiki moja badilishaneni. Katika wiki tano kila mmoja amepitisha mkononi vitabu vitano kwa gharama ya kimoja. Anayekabidhi kitabu aseme sentensi mbili tu za kisa, na akome pale penye hamu.

Zingatia: Kipe kila kitabu cha pembeni kurasa ishirini. Kisipokushika, kirudishe bila aibu, chukua kingine. Ruhusa hii haihusu vitabu teule. Hivyo utavisoma mpaka mwisho.

6. KADI YA SURA

Hii ndiyo njia ya kurudi nilioitaja. Kata karatasi ndogo, iweke ndani ya kitabu. Kila ukimaliza sura, jibu maswali manne. Mfano kutoka Takadini:

Nani? – Sekai.
Anataka nini? – Mtoto wake aishi.
Nini kinamzuia? – Mila ya kijiji chake, isiyokubali mtoto mwenye ualbino aachwe hai.
Swali gani limebaki? – Akikimbia, nani atampokea?

Ukishindwa kujibu, akili ilihama. Usijilaumu, rudi kwenye ukurasa wa mwisho unaoukumbuka. Soma dakika ishirini, simu ikiwa chumba kingine au kwa mama. Pumzika dakika tano. Anayepanda daladala ya Bububu kila siku anaweza kupata dakika hizo akienda na akirudi, mradi amepata kiti. Haba na haba hujaza kibaba.

7. KUTOKA KWENYE KADI HADI KWENYE JIBU

Swali: Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili jinsi waandishi walivyomchora mzazi anayehangaika kwa ajili ya watoto wake.

Jibu dhaifu: "Katika riwaya ya Takadini, Sekai anampenda sana mtoto wake. Pia Mama N'tilie anawapenda watoto wake."

Jibu hili halina kosa, lakini halina ushahidi. Mtu yeyote aliyesikia majina ya vitabu angeweza kuliandika.

Jibu bora: "Katika riwaya ya Takadini, Sekai anachorwa kama mzazi jasiri. Baada ya kukaa muda mrefu bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto huyo asiishi, naye anaamua kukiacha kijiji chake na mumewe Makwati ili kumwokoa. Katika Watoto wa Mama N'tilie, mzazi anahangaika kwa njia nyingine: Mama N'tilie anauza chakula huku mumewe Lomolomo akiwa mlevi, na bado watoto wake Peter na Zita wanafukuzwa skuli kwa kukosa ada na sare."

Tazama: kila sentensi ya jibu bora imetoka kwenye swali mojawapo la kadi. Nani, anataka nini, nini kinamzuia.

TAHADHARI KWA MTAHINIWA

• Filamu haichukui nafasi ya kitabu. Waongozaji hubadili matukio. Mtahini anasahihisha kitabu.
• Swali likitaja orodha ya vitabu, jibu kwa vitabu vya orodha hiyo tu. Bwana Msa ni wa kukuzoesha kusoma. Usimpeleke kwenye karatasi ya mtihani kama hayumo.
• Vuta N'kuvute kwa kawaida husomwa kidato cha tano na cha sita. Ukiisoma sasa, umejiwekea akiba.

ZOEZI

1. Taja tamthilia, filamu au katuni moja unayoipenda. Ni swali gani linalokufanya uendelee kuifuata?
2. Eleza maana ya taharuki, kisha toa mfano mmoja kutoka katika riwaya teule.
3. Jaza kadi ya sura kwa sura mbili za mwanzo za Watoto wa Mama N'tilie.
4. Chagua katuni moja ya gazetini. Eleza dhamira yake na jinsi kejeli ilivyotumika.
5. Andika aya moja ukilinganisha mzazi mmoja wa riwaya na mzazi mmoja wa tamthiliya uliyosoma.

Mwongozo: Katika swali la 2, usitoe maana peke yake. Taja tukio, mhusika, na jambo ambalo msomaji anabaki akilisubiri. Katika swali la 5, anza na jambo wanalofanana, kisha tofauti moja yenye ushahidi.

MUHTASARI

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni hakupata alama zote katika mtihani wa majaribio wa pili. Lakini Sekai alikuwa kwa Makwati, Lomolomo alikuwa kwa Mama N'tilie, na kila hoja ilikuwa na tukio lake. Siku ya kurudisha kitabu cha Bwana Msa aliniuliza, "Mwalimu, kuna kingine?"

Wewe anza leo. Weka simu mbali, tafuta kitabu kimoja chenye swali unalotaka jibu lake, na usome kurasa ishirini.